Kuelea

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa kwenye lambo la ng'ombe, yana rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyewaza kuogelea humo. Ng'ombe waliingia, sisi tulichota pembeni, tukasubiri tope litulie ndani ya ndoo. Ndiyo maana nilipopangiwa kufundisha Kigoma, watani zangu walicheka wakashika mbavu. Mgogo anapelekwa ziwani! Atachunga nini huko, samaki?

Treni ilipita Tabora usiku, ikavuka Malagarasi kumekwisha kucha, na mchana ikafika mwisho wa reli. Wajerumani waliifikisha reli ile Kigoma mwaka 1914, na haikuendelea kwa sababu mbele hapakuwa na nchi ya kuilaza. Nilishuka na begi langu, nikatazama. Kitu nilichokiona hakikufanana na maji niliyoyajua. Kilikuwa cha buluu, kimetulia, na ng'ambo yake milima imefifia kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Nikamuuliza mpagazi kule ni wapi. "Kongo," akasema, hata hakugeuka.

Miaka sita nilikaa kando ya Ziwa Tanganyika nikiwa mtu wa kunawa miguu. Jumapili walimu wenzangu walipokwenda Jakobsen, ule ufukwe wa mchanga kusini mwa mji, mimi nilibeba jiko la mkaa na migebuka ya kuchoma. Kila kundi la waogeleaji lina mtu wa kushika simu na funguo. Huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na visingizio vyangu, kimoja kwa kila msimu: mafua, kidonda, nimekula nimeshiba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafundisha kanuni ya Archimedes kidato cha kwanza mwaka hadi mwaka, kwa Kiingereza, kwa chaki, dirisha la darasa likitazama ziwa, na mwenyewe sijui kuelea.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, katika Ziwa Victoria. Zaidi ya watu 200 walikufa. Hilo si ziwa letu, na kupanda kivuko si kuogelea, lakini kilichonikaa kichwani ni ukaribu. Gati lilikuwa pale, linaonekana. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda boti za mbao za Kibirizi mara kadhaa kuwapeleka wanafunzi Gombe, nimevaa boya lililopauka kwa jua, na kila boti lilipoyumba nilijituliza kwa kuangalia nchi kavu. Si ile pale? Baada ya Ukara neno hilo lilikataa kunituliza.

Mtu aliyekubali kunifundisha nitamwita Mzee tu, maana hakupenda kuandikwa. Alikuwa mvuvi wa dagaa enzi za karabai, kabla ya taa za jenereta, na sasa alishinda mwaloni Katonga amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona nyavu za watu wengine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umefuata dagaa?"

"Nimefuata kujifunza kuogelea."

Akanitazama kuanzia kichwani, akateremka mpaka chini, macho yakaishia hapo. "Na viatu hivyo?"

Somo la kwanza lilichukua wiki nzima, na sikulowa. Alinikalisha juu ya mtumbwi, tukatazama maji. Nilidhani ananipotezea muda. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinifundisha kusoma, na mtu hafundishwi kuandika kabla ya kusoma.

Tulianza na rangi. Karibu na mchanga maji ni meupe, kisha yanakuwa ya kijani, kisha ghafla, kama mtu aliyekata kwa wembe, ni buluu nzito. Ukingo huo ndio aliotaka niukariri. Ziwa hili halikutengenezwa na mvua iliyojaa shimoni, ardhi ilipasuka. Lina urefu wa kilomita 673, na mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Duniani ni Baikal tu, kule Urusi, linalolizidi kwa kina. Zipo sehemu ambako mtoto anasimama maji ya magoti, anapiga hatua chache kufuata mpira, na chini hakuna tena chini. Maji ni maangavu mno hata unawaona samaki wadogo wenye mistari wakizozana juu ya jiwe, kila mmoja na uwanja wake kama wenye viwanja wa Dodoma, na jiwe lenyewe unadhani utaligusa kwa kidole cha mguu. Hutaligusa. Mwanga ukitoka majini hupinda, na kina cha mita 4 kikitazamwa kutoka juu huonekana kama mita 3. Hilo niliwahi kulifundisha pia, na mchoro nikachora. Mzee hakuwa na mchoro. Alisema, "Maji haya yanakuonyesha chini ili uingie."

Kisha upepo. Asubuhi ziwa lilikuwa limelala, na mitumbwi ikarudi juu yake kama juu ya kioo. Kufikia saa tano mikunjo ya kwanza ilianza kwa mbali, na alasiri mawimbi yalipiga mwamba kwa sauti ya mlango unaofungwa na mtu mwenye hasira. Katika miezi ya kiangazi, Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unapata kilomita mia kadhaa za maji matupu za kukimbilia kabla ya kutufikia. Wenyeji wanasema ziwa limechafuka. Napenda neno hilo, kwa sababu linachafuka likiwa safi. Tope halimo, iliyovurugika ni tabia. Lakini Mzee aliogopa zaidi upepo mwingine, ule mdogo wa alfajiri unaoshuka kutoka milimani kwenda ziwani. Huo hauinui wimbi. Unasukuma tu. Mtoto amejilaza ndani ya tyubu ya tairi la lori, maji yametulia, kila kitu kizuri, na akifumbua macho mwalo umekuwa mdogo.

"Usipande kitu kinachoelea vizuri kuliko wewe," aliniambia. Ilinichukua muda kulitafuna hilo.

Henry Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aliandika alichosimuliwa na kiongozi wa njia kuhusu mlima wa Kabogo upande wa pili wa ziwa. Maji yanaingia mapangoni mwake yakanguruma kama radi, na mitumbwi mingi ilipotea hapo. Kwa hiyo wapitao walitupa shanga na vitambaa vya merikani majini ili kumridhisha mungu wa ziwa, na asiyetupa alikufa maji. Zamani ningelicheka. Sasa najiuliza: mtu anayetoa shanga kwanza anapunguza mwendo. Anaacha kupiga kasia, anasimama, anatazama anga, anasikiliza pango. Labda anaona wingu. Sijui kama mungu wa Kabogo alizipokea shanga zile, lakini nahodha aliyesimama kidogo kabla ya kupita mahali pabaya alikuwa amekwisha kulipwa nusu ya bei.

Wiki ya pili tukaingia majini, na hapo ndipo Kiswahili kilinifundisha kitu ambacho Kiingereza cha darasani hakikunifundisha. Mzee alikataa kabisa nipige mikono. "Huo ni mwendo," alisema. "Kwanza kaa." Alinilaza chali, kiganja chake kimoja chini ya mgongo wangu, akaniamuru niyaache masikio yazame. Kila mtu anayeogopa maji anapigania kichwa chake. Anakiinua, shingo inakakamaa, na kadiri kichwa kinavyopanda ndivyo miguu inavyozama, kama mizani ya sokoni. Mwili wa binadamu una uzito unaokaribiana sana na uzito wa maji ya ujazo uleule. Mapafu yakijaa hewa wengi wetu tunaelea, yakiwa matupu tunazama. Tofauti ni pumzi moja. Baharini chumvi inakuongezea kidogo, na mwenzangu mmoja wa Tanga, mwogeleaji hodari kwao, alilalamika kwamba maji ya Kigoma hayana adabu, yanamshusha. Kwa hesabu alikuwa sahihi: maji ya chumvi ni mazito kuliko haya kwa asilimia mbili na nusu hivi, na asilimia hizo zinakaa hasa kati ya pua na mdomo.

Siku tatu nilizama kwa heshima zote. Siku ya nne Mzee alikuwa akinisimulia habari ya Liemba, ile meli ambayo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 wakiwa wameipaka mitambo grisi, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. "Ndicho kitu pekee ninachokijua," alisema, "kilichozama ziwa hili halafu kikarudi kuomba kazi." Nilicheka. Na nilipomaliza kucheka nikaona mikono yake yote miwili iko nje ya maji, anajikuna kidevu, na mimi bado niko juu.

Tunasema jambo limenielea, yaani nimelifahamu, limekuwa wazi kwangu. Kwa miaka mingi nilitumia neno hilo kuwauliza wanafunzi: imewaelea? Wakaitikia kwa pamoja, kama wanafunzi wanavyoitikia. Sikuwahi kusikia maji ndani yake. Na litamke polepole neno lenyewe la mchezo huu: kuog-elea. Wajuzi wa lugha wataniambia hiyo ni bahati ya sauti tu, kwamba kuogelea kumetoka kwenye kuoga kama kuendelea kulivyotoka kwenye kwenda. Sawa. Napokea na hilo: kuogelea ni kuoga kusikokoma. Lakini siku ile nimelala chali juu ya ziwa, masikio ndani, sauti za mwaloni zimegeuka kuwa mvumo mmoja wa mbali, sikuwa na haja na wajuzi.

Waokoaji wa majini wa Uingereza, chama chao kinaitwa RNLI, wanawafundisha watu jambo hilohilo: ukiangukia majini ghafla usikimbilie kuogelea, elea kwanza, kichwa nyuma, mpaka pumzi ikurudie, ndipo uite au uende. Nilipomweleza Mzee alifurahi kusikia kwamba Wazungu nao wamefika.

Nifike sasa kwenye siku ya Idd, ambayo ndiyo inayonifanya niandike.

Ilikuwa Idd el-Fitri, baada ya swala, na ufukwe ulikuwa umejaa. Kigoma na Ujiji ni miji ya Waislamu wengi. Siku hiyo watoto hushuka ziwani na nguo mpya, na nusu yao huingia nazo. Mimi nilikuwa nimesimama maji ya kiuno, najivuna, mwogeleaji wa miezi minane. Mbele yangu, kama hatua sita hivi, palikuwa na mvulana wa miaka tisa au kumi. Amesimama wima majini, kichwa amekirudisha nyuma, mdomo usawa wa maji, macho yako wazi lakini hayatazami chochote. Nilimwona. Nataka nilirudie hilo. Nilimwona, na nikafikiri anacheza. Dada yake alikuwa karibu naye kuliko mimi, anaongea na mwenzake, wala hakuwa mzembe. Aligeuka mara moja akamwangalia, akaridhika, akarudi kwenye maongezi. Mtoto hakuwa akipiga kelele. Hakuwa akipunga mkono. Alikuwa mtulivu kuliko watoto wote waliokuwa majini.

"Mwalimu! Huyo!"

Sauti ya Mzee ilitoka mtumbwini. Nikageuka kumtazama yeye badala ya kumtazama aliyeonyeshwa, kosa la kawaida. Dumu la njano lilinipita juu ya kichwa likiburuta kamba, likaangukia mbele ya mtoto, karibu kabisa. Hakulishika. Lilikuwa palepale usoni pake na mikono yake haikulifuata. Ilikuwa imenyooka pembeni, inayakandamiza maji kama mtu anayejaribu kuinuka kutoka kwenye kiti kisicho na mikono. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaelewa kwa tumbo. Nilimfikia kwa nyuma, nikalisukuma dumu chini ya kwapa zake. Akakohoa. Akatapika maji na soda ya Idd. Kisha akalia, na kilio kile kilikuwa kelele ya kwanza aliyoitoa. Dada yake alimkumbatia, halafu akampiga kofi, halafu akamkumbatia tena. Tulimpeleka kituo cha afya ingawa alisema amepona, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumsumbua mtu saa kadhaa baadaye.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa najua methali, na methali ilikuwa imenidanganya. Mfa maji haachi kutapatapa. Nani hajaisikia? Kwa sababu yake nilikuwa namtafuta mtu anayetapatapa: mikono hewani, mayowe, maji yanaruka. Nimekuja kusoma kuhusu Mmarekani Francesco Pia, aliyekuwa mwokoaji katika ufukwe wa Orchard Beach, Bronx, na ambaye alichunguza filamu za watu halisi wakizama na kuokolewa. Alichokiona ni alichokiona Mzee. Anayezama haiti, kwa sababu sauti ni mkopo wa pumzi, na pumzi yenyewe haipo. Mdomo unazama na kuibuka, na muda wa kuibuka hautoshi kutoa hewa, kuvuta hewa na kusema. Hapungi mkono; mwili wenyewe unaitandaza mikono pembeni kukandamiza maji, na yeye hana tena amri juu yake. Anakaa wima, miguu haimsaidii. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60, basi.

Nimeifikiria sana methali ile tangu hapo, na sitaki kuivunjia heshima. Yupo mtu anayetapatapa: ni yule aliyechoka au aliyeshikwa na hofu lakini bado ana nguvu, na huyo anaweza kuita, anaweza kudaka kamba. Wahenga walimwona. Ila methali hutungwa na walio nchi kavu, kutokana na waliyoyaona, na mfa maji aliyekufa kimya hakuna aliyemwona ili amtungie methali. Pengine lugha yenyewe ilijua zaidi ya wahenga. Hatusemi mtu ameuawa na maji. Tunasema amekufa maji, kama tunavyosema amekufa njaa, amekufa kiu. Na njaa haina mayowe.

Nilimuuliza Mzee alijuaje. Alisema hakumtazama mtoto yule peke yake. Alikuwa anawahesabu wote, kila dakika, na kila alipofika kwa yule alikuta uso uleule. "Mtoto anayecheza uso unabadilika," alisema. Simu yake alikuwa ameiacha nyumbani. Nimeona fukwe nyingi za starehe tangu wakati huo, zenye viti vya kulalia na spika kubwa na vibao vya bei, na swali ninaloliuliza nikifika ni moja tu: nani anatazama? Mara nyingi jibu ni kwamba kila mtu anatazama.

Mambo mengine ya usalama nitayapita haraka, maana yamekwisha kusemwa na waganga. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani na magugu, hasa mahali watu wanapojisaidia, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya kuchelewa. Ufukwe wa mchanga na mwamba unaopigwa na mawimbi una nafuu, si kinga. Kapime baada ya wiki kadhaa, dawa ya prazikwanteli ipo. Mamba usiwatafute kwenye midomo ya mito. Swila wa majini ana sumu lakini anawinda samaki, si wewe, mpishe. Radi ikinguruma, toka. Na hili la chakula: Kigoma nzima ilinionya nisiingie ziwani na tumbo lililojaa ugali, jambo ambalo sijaona likimzamisha mtu. Hakuna hata mmoja aliyenionya kuhusu bia.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue. Ziwa ni la dagaa, la kufua, la kusafiri. Kuogelea kwa starehe ni mambo ya watoto na watalii. Nilisema hivyo miaka sita, kwa hiyo hoja naijua kwa ndani. Sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwafuata mwaka 1960, wana ziwa hili mlangoni na hawaogelei. Nilikuwa upande wao. Lakini sokwe hapandi boti. Sokwe hafui nguo akiwa amesimama maji ya magoti, mtoto mgongoni, hatua chache tu kutoka ule ukingo wa buluu nzito. Mama zetu hufanya hivyo kila siku, na wengi wao hawakuwahi kufundishwa kuelea, kwa kuwa waliambiwa msichana anayecheza majini hana haya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 kufa maji ni sababu ya tatu ya vifo. Hao ni wanafunzi wangu. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Kwetu tarehe hiyo inaangukia upepo wa kusini ukiwa umepamba moto, na sherehe yoyote ingebidi ifanyike kabla ya saa tano.

Sasa nina darasa dogo Jumamosi asubuhi, wavulana na wasichana, kwa ruhusa ya wazazi iliyoandikwa na kusainiwa, maana mimi ni mwalimu na siamini maneno matupu. Wasichana wanaingia na nguo zao za heshima. Mzee anasema samaki naye ana magamba. Tunaanza na kuelea. Archimedes namleta mwishoni, wakiwa wamelowa.

Dumu lile la Idd lilikuwa la Mzee. Nikanunua la kwangu, la njano, la lita 20, nikalifunga kamba ya manila ya mita 15 na kuliandika kwa rangi nyekundu: LA KUOKOLEA. Likiwa tupu na mfuniko umekazwa linabeba kilo 19, na kichwa cha mtu kikae juu ya maji kinahitaji kama nne au tano tu. Hakuna boya la dukani lenye thamani hiyo kwa bei hiyo. Shida ya dumu ni kwamba ni dumu. Nyumba gani haina haja nalo? Nililitundika kwenye mti karibu na mtumbwi wa Mzee, na siku ya tatu lilikuwa limekwenda kuchota maji. Likarudi. Likaenda kwenye harusi. Likarudi bila kamba, nikafunga nyingine.

Jumamosi iliyopita nilifika mapema, nikalikuta mahali pake, nikafurahi. Nilipolishika halikunyanyuka. Lilikuwa limejaa mawese mpaka shingoni.

"Litaelea tu, mwalimu," Mzee akasema kutoka mtumbwini. "Mawese ni mepesi kuliko maji."

Nikapiga hesabu kichwani. Alikuwa sahihi, kama kawaida yake: lingeelea, kwa kilo moja hivi. Mtu lisingembeba. Watoto walikuwa wamekwisha kuingia maji ya kiuno, wananisubiri.

"Mawese ya nani haya?" nikauliza kwa sauti, mgongo nimewapa watu wa mwaloni.

"Samahani, mwalimu," mama mmoja akaitikia nyuma yangu. "Nilikosa pa kuweka. Nayahamisha sasa hivi."

Nikasikia akikusanya chupa tupu za maji ya kunywa, nikasikia Mzee akishuka mtumbwini kumshikia dumu, nikasikia mawese yanaanza kushuka, polepole, chupa moja baada ya nyingine. Sikugeuka. Majini walikuwa tisa.